Kwa mwalimu mpya wa unasihi: alama za mkononi na sonona

Ukipangiwa unasihi kwenye sekondari ya kata huku Masasi au Newala, mwanafunzi anayejiumiza makusudi, kwa mfano kwa kujikata mkononi, hataletwa kwako kwa sababu ya huzuni. Ataletwa kwa utovu wa nidhamu: anajibu ovyo, anasinzia darasani, kavaa sweta jua likiwaka. Sonona (ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa) ya kijana mara nyingi hujionyesha kwa hasira kuliko kwa machozi, ndiyo maana viboko huwahi kufika kabla ya swali.

Wengi wanaojiumiza hawakusudii kufa. Ukiuliza kwa utulivu, mmoja atasema alitaka moyo utulie, mwingine kwamba alikuwa hahisi chochote, mwingine alikuwa anajiadhibu. Nafuu huja kwa muda mfupi, kisha aibu, kisha anarudia. Je, kila anayejiumiza ana sonona? Hapana. Wapo wanaosumbuliwa na hofu, wapo waliofanyiwa ukatili. Na wapo wenye sonona nzito ambao hawajawahi kujidhuru hata mara moja. Basi uliza kila jambo peke yake: usingizi, chakula, kukata tamaa kwa wiki mbili au zaidi, halafu kujiumiza, halafu, bila kuzungukazunguka, kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Wala usijifariji kwamba hakutaka kufa: anayejiumiza mara kwa mara yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kuja kujaribu kujiua, hasa sonona ikiwepo.

Usimlazimishe kuonyesha majeraha. Usimwapishe kwamba hatarudia (Msahafu na Biblia viache kabatini), akirudia atakuficha.

Msimu wa korosho kuwa macho zaidi. Wazazi wako shambani, mtoto yuko geto (chumba cha kupanga) peke yake. Mtafute mtu mzima mmoja anayemsikiliza, mara nyingi ni bibi. Ukimwambia "mjukuu wako ana sonona" ataona umemletea maneno ya mjini. Mwambie: "Bibi, mtoto halali, hali chakula, hachezi na wenzake." Akitaja mganga wa kienyeji au majini, msibishane, omba tu hospitali isikosekane. Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, ukianzia kituo cha afya kilicho karibu.

Kuhusu siri, mweleze mwanafunzi mipaka yake kabla hajaanza kuongea. Akisema anapanga kujiua, asiachwe peke yake hata chooni, na aonwe na daktari siku hiyohiyo. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Akirudi shuleni, kaa na mkuu wa shule mapema: jina lake lisitajwe mstarini, hata kwa nia ya kumwombea.