Kishikwambi kimoja, watoto 72

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la tatu huku Newala. Nina watoto 72 na kishikwambi kimoja, hivi tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Wapo wanaosoma hadithi nzima, na wapo ambao silabi bado zinawatoa jasho. Semina tuliambiwa teknolojia inamwezesha kila mtoto kujifunza kwa kasi yake. Nimejaribu kukizungusha, dakika tano kila mmoja. Kipindi kinaisha wameshika wanane tu na chaji imebaki robo. Nakosea wapi?
Mwalimu wa darasa la tatu, Newala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza kwa kukirudisha kishikwambi mkononi mwako.

Dakika tano za kugusagusa kioo hazimsaidii mtoto sana, ila dakika moja ya kumsikiliza akisoma itakufundisha wewe mengi. Chagua aya fupi. Mwite mtoto pembeni, hata chini ya mkorosho kama darasa lina kelele, washa kinasa sauti, asome. Usimkatize. Wanane kwa siku, siku ya tisa umewamaliza wote. Usiku, kazi za nyumbani zikitulia, sikiliza tena ukiwa na kalamu.

Mimi nilifanya hivyo kwa simu yangu, miaka yangu ya mwisho kazini Tandahimba. Kulikuwa na kijana niliyemhesabu mwaka mzima kuwa hajui kusoma. Nilipomsikiliza mara ya tatu, nikashtuka. "Karanga" aliisoma "kalanga", "rafiki" akasema "lafiki", na kila alipotamka hivyo alinyamaza kidogo, kama anayengoja nimkemee. Herufi alizijua zote. Kwao wanaongea Kimakonde, na Kimakonde hakina "r". Mwaka mzima nilikuwa nasahihisha ulimi wa mama yake, mpaka mtoto akaacha kusoma kwa sauti. Linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo hata ukipata programu inayosikiliza mtoto na kumpa alama, hukumu ibaki kwako. Mashine isiyozijua sauti za Newala itamwandikia kosa.

Ukishasikiliza, wapange kwa wanachoweza: wa herufi, wa silabi, wa maneno, wa aya. Shirika la Pratham la India limefanya hivyo miaka mingi. Kwa sehemu ya siku watoto wanakaa kwa uwezo wao, bila kujali darasa. Ongea na wenzako wa la pili na la nne mlinganishe vipindi. Baada ya mwezi rekodi upya na uwahamishe, kundi lisije likawa jina la mtoto.

Sasa, kishikwambi kiende kwa nani? Wengi hukipeleka kwa wanaohangaika, na hapo mimi nakataa. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu za Kiswahili kwa watoto karibu 3,000 wa vijiji vya Mkoa wa Tanga, vishikwambi vikichajiwa kwa sola, na watoto walijifunza kweli. Lakini wengi wao hawakuwa wakienda shule kabisa. Watoto wako wewe wanakuja kwako kila asubuhi. Wape kishikwambi wanne watano wanaoweza kwenda wenyewe, wabadilishane, wewe ukae chini na watoto wa silabi, mguu kwa mguu. Programu yoyote ijaribu kwanza nyumbani ukiwa umezima data, ikigoma, haikufai.

Oktoba inakuja, na najua wapo watakaopotelea kwenye korosho wiki mbili tatu. Mtoto akirudi, usimtupe kwenye ukurasa waliofika wenzake. Fungua sauti yake ya mwisho, isikilize, muanzie hapo.

Na sauti hizo zisitoke kwenye kishikwambi chako, hata kwenye kundi la walimu la WhatsApp. Mwisho wa mwaka mwite kila mtoto peke yake, mpigie ile ya kwanza na ile ya mwisho, ajisikie mwenyewe. Kisha zifute.