Bethidei ya mke Santa Fe: kabla ya kuchagua mgahawa, angalia pilipili na mama mkwe

Mkuu, nimekuelewa hivi: mke wako anatimiza miaka 40 mwishoni mwa Agosti, mnakuja Santa Fe, mji mkuu wa jimbo la New Mexico huku Marekani, kutoka Houston mkiwa watu sita, mama mkwe ni Mwislamu, na unataka mgahawa wa hadhi unaopika chakula cha Kusini-Magharibi mwa Marekani kweli kweli. Naishi Albuquerque, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na shughuli nyingi za familia yetu huwa tunazifanyia Santa Fe. Wachangiaji waliotangulia wamebishana sana kuhusu mandhari na bei. Mimi naona uanze na pilipili.

Mapishi ya New Mexico yamesimama juu ya chile, pilipili ndefu zinazolimwa sehemu kama Hatch na Chimayó. Ikichumwa mbichi huchomwa na kumenywa, ndiyo chile ya kijani. Ikiachwa iive hukaushwa na kusagwa, inakuwa nyekundu. Tunda ni lile lile lakini ladha zake hazifanani kabisa. Mtakuja msimu wenyewe wa kuchoma: nje ya maduka ya vyakula utaona madramu ya wavu yakizungushwa juu ya moto wa gesi, maganda yanapasuka na kuwa meusi, harufu inakufuata mpaka barabarani, na watu wanaondoka na magunia yakiwa bado ya moto. Jiko zuri la hadhi linatumia hicho hicho. Ukisoma menyu, tafuta chakula ambacho chile ndiyo imekibeba. Ukikuta imenyunyizwa tu pembeni mwa steki, basi mnalipia steki ambayo hata Houston mngeipata.

Sasa sehemu zenyewe. Geronimo iko Canyon Road, ndani ya nyumba ya udongo iliyojengwa mwaka 1756, kuta nene, sauti za watu zimetulia. Sifa yake kubwa ni nyama ya elk, mnyama wa porini wa jamii ya kulungu. Kwa wawili wanaotaka kuvaa wakapendeza na kuongea taratibu, sijaona pa kupashinda. Ila mapishi yake yanachukua kutoka dunia nzima, Kusini-Magharibi ni sehemu tu. The Compound, ya mpishi Mark Kiffin, iko barabara hiyo hiyo na naisifia vivyo hivyo.

Lakini kwa mke wako, ambaye umesema ni mtu wa biriani na vyakula vyenye viungo, ningekwenda Sazón. Mpishi wake, Fernando Olea, alipata tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya wapishi wa Marekani, ya mpishi bora wa Kusini-Magharibi mwaka 2022, na anachojulikana nacho ni mole, mchuzi mzito wa pilipili kavu, mbegu, karanga, viungo na mara nyingine chokoleti. Mtu aliyekulia kwenye masala ya biriani iliyosagwa nyumbani atauelewa mchuzi huo kwa kijiko cha kwanza. Kuna mwenzetu atasema hiyo ni Meksiko, siyo Kusini-Magharibi. Ana hoja. Ila Olea aliwahi kutunga mole maalumu kwa ajili ya miaka 400 ya mji wa Santa Fe, na mimi naona inatosha kumhesabu mwenyeji. Kama kuna mwenye mzio wa karanga au lozi kati yenu sita, hapo fikiria upya.

(Walioko Phoenix wanaosoma uzi huu: kwenu ni mgahawa wa Kai, ndani ya ardhi ya jamii ya wenyeji asilia ya Gila River. Wanapika na mazao ya makabila yake, Wapima na Wamaricopa wenyewe, yakiwemo maharage ya tepary yanayostahimili jangwa.)

Suala la mama mkwe lisichukuliwe kirahisi. Nguruwe huku yumo mahali usipomtarajia. Carne adovada, nyama iliyopikwa kwenye chile nyekundu, ni nguruwe. Posole, supu ya mahindi, kwa kawaida ni nguruwe, mchuzi wa chile ya kijani mara nyingi pia. Hatari zaidi ni mafuta yake, maana yanaingia kwenye maharage, kwenye tortilla (chapati zao) za ngano na hata kwenye unga wa sopaipilla, mkate wao wa kukaanga unaofanana na maandazi. Kuna mgahawa mmoja tuliuliza kama maharage yana nyama, mhudumu akajibu hayana, na alikuwa mkweli. Shangazi yangu alikuwa ameshashika kijiko pale mke wangu alipouliza yamepikwa kwa mafuta gani. Mhudumu akaenda jikoni, akarudi akasema ni ya nguruwe. Kwa hiyo piga simu siku kadhaa kabla, uulize habari ya mafuta, supu ya kupikia na mvinyo kwenye michuzi. Nyama yenyewe usitarajie imechinjwa kihalali. Omba samaki, na apikwe kwenye sufuria yake peke yake.

Kuhusu muda, msimu wa opera unaingia mpaka Agosti, na watazamaji hula mapema kabla ya onyesho. Meza ya saa moja na nusu au saa mbili usiku ina utulivu zaidi. Epuka Ijumaa ya kabla ya Labor Day (sikukuu ya wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba), siku wanayochoma sanamu kubwa ya Zozobra, mji hufurika. Mji uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ninyi mnatoka Houston, kwa hiyo maji kwa wingi, pombe kidogo kidogo, na mtandio kwa mama, baridi hushuka jua likizama.

Keki: migahawa hii mingi haipendi keki ya kutoka nje, mingine hutoza ada ya kuikata. Kama mtataka kulishana keki na kupiga vigelegele kama nyumbani, omba chumba cha pembeni mapema, wengi hukubali mkiwaeleza. Bahashishi ni asilimia 20, ila kagua bili kwanza, kwa kundi la watu sita huwa wanaiongeza wenyewe.

Piga simu wiki hii hii, mkuu. Habari ya mama mkwe iwe ya kwanza kuitaja, ukiona wanasitasita kukujibu, hamia mgahawa unaofuata.