Kamba ya mita 70 si kina cha mita 70

Wadogo zetu mnaoanza kupima maji ya Ziwa Kivu hapa Goma, kaye (madaftari) za wiki hii zimerudi na kosa lile lile. Sisi tuliowatangulia tulilifanya sana, na bado linauma.

1. Kamba. Upepo ukisukuma mtumbwi, kamba huenda mshazari. Mnashusha chupa ya kuchotea maji hadi alama ya 70, mnaachia kile chuma kinachoteleza kwenye kamba kwenda kuifunga, mnaandika "70 m". Kamba ikiwa imeinama nyuzi 30 kutoka wima, chupa iko kwenye mita 61 tu (70 mara 0.87). Kwingine mita tisa si neno. Kivu ni neno kubwa: wakati wa kiangazi upepo huchanganya maji hadi karibu mita 60, na oksijeni hufika huko, chini yake hakuna. Labo (maabara) inakuta oksijeni kwenye "70", na kesho mtu anasema tabaka za ziwa zinavurugika. Chini kule kumelala kilomita za ujazo 300 hivi za kaboni dayoksaidi na 60 za metani. Tabaka zikivurugika kweli, gesi hizo zinaweza kutoka na kuua watu, kwa hiyo neno kama hilo halirushwi ovyo katika mji unaokaa ukingoni. Nanyi hamwezi kulisahihisha, kwa sababu pembe haikuandikwa. Siku nzima ya petroli na makasia imekwenda bure.

Basi: funga uzi wenye nati kwenye kipimapembe cha shule, kiegemeze kwenye kamba, soma. Chini ya nyuzi 10, kosa halizidi mita moja hivi, endelea. Zikipita 20, ongeza uzito, na mpiga kasia asogeze mtumbwi kuelekea upande kamba inakokwenda mpaka isimame. Pembe iandikwe kando ya kina, kwa penseli. Wino wa biki huoshwa na maji.

2. Sonda, yaani vifaa vinavyosoma kina kwa mgandamizo. Zimetengenezwa kwa ajili ya bahari. Sisi tuko mita 1,460 juu yake, hewa ni nyepesi, kwa hiyo isiporudishwa sifuri juu ya maji itapunguza kina kwa mita 1.6 hivi.

3. Chupa za kupimia oksijeni ya maji. Mpira wa kumiminia ufike chini ya chupa, maji yafurike mara mbili au tatu ya ujazo wa chupa, dawa za kipimo zitiwe mkiwa bado mtumboni. Si nyumbani! Mawe ya lava ya njia ya Sake yatakutikisia chupa juu ya kinga (baiskeli) mpaka povu liingie.

4. Kinga yenyewe. Mawe hayo hayo hupasua ubavu wa tairi, na kiraka cha mpira wa ndani hakisaidii hapo. Beba kipande cha tairi kuukuu, ukitie ndani ya tairi, nyuma ya ule mpasuko, kabla ya kupiga pompi. Na wale mnaopenda kuzunguka ziwa kwa siku kadhaa, hema lisipigwe shimoni hata kama pana kivuli na nyasi laini. Mazuku ni kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa mara moja na nusu, haina harufu, hujaa mabondeni usiku na alfajiri pasipo upepo. Mkiona mbuzi amelala huko bila jeraha, msishuke kumtazama.