Mahindi ya kuchoma ya Kimeksiko: mayonezi ikiyeyuka na jibini ikivutika

Mkuu mleta uzi, nimechelewa kuuona huu uzi, ila kwa kuwa makosa uliyoyafanya nami niliyafanya yote, ngoja nikae niandike.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu yuko Mwanza, ameona video ya mahindi ya Kimeksiko, yale yaliyofunikwa jibini nyeupe na pilipili nyekundu. Akanunua mahindi sita, akachoma kwenye jiko la mkaa, akayapaka mayonezi yakiwa bado motoni, akamalizia na mozzarella. Mayonezi ikageuka mafuta matupu, moto ukalipuka, mahindi yakapata masizi, jibini ikavutika kama bigijii, na watoto wakagoma kula. Anauliza alikosea wapi. Na kuna mchangiaji hapo juu kasema tusijisumbue, hayo ni mahindi yetu ya barabarani, ila yamevalishwa suti. Huyo nitamrudia, maana hajakosea sana.

Niko Chicago mwaka wa tisa sasa. Minne ya mwanzo nilipanga Pilsen, mtaa ambao Wameksiko wameujaza kwa miongo mingi. Ghorofa ya chini alikuwa anakaa mama wa makamo kutoka Michoacán, jimbo la Meksiko, wapangaji wote tulimwita Doña tu, yaani Bibi kwa Kihispania. Majira ya joto ya kwanza nilichoma mahindi uani, nikayapaka mayonezi yakiwa juu ya wavu kama wewe. Moto ulipopanda Doña alitoka na jagi la maji. Hakucheka. Aliniambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza na mimi Kihispania changu cha kubahatisha: moto ni wa hindi, hivyo vingine ni vya mezani.

Hapo ndipo penye jibu lako, mkuu. Mayonezi ni mafuta yaliyoshikamanishwa na kiini cha yai. Ikipata moto mkali ule mshikamano unavunjika, mafuta yanajitenga, yanadondokea kwenye makaa, na ndiyo hayo yaliyolipuka. Kazi yake kwenye hindi si kuiva. Kazi yake ni gundi, ishike jibini na pilipili zisianguke. Basi. Ukiichukulia kama gundi utaipaka kidogo, na utaipaka hindi likishatoka jikoni.

Sasa hindi lenyewe, na hapa wewe wa Mwanza umenizidi mbali. Mahindi yanayojaa madukani Marekani ni yale matamu, laini, ukiyachoma unadhani kuna mtu kayatia sukari. Doña hakuyapenda hata kidogo. Kwao hindi la elote (ndivyo wanavyoliita hindi hili la mitaani; neno limetoka kwenye Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko, elotl, yaani hindi bichi) huwa jeupe, lenye wanga, punje nene unayoitafuna kweli. Wana hata aina iitwayo cacahuazintle, punje pana kama jino la farasi, ndiyo wanayotilia pia supu yao ya pozole. Nilipolipata mara ya kwanza kwenye duka la 26th Street nilitafuna nikanyamaza. Ilikuwa ladha ya nyumbani Iringa, mwezi wa tatu, shambani kwa mama mkubwa. Na si ajabu, maana mahindi yote duniani asili yake ni kusini mwa Meksiko, walikoyatoa kwenye nyasi iitwayo teosinte miaka ipatayo 9000 iliyopita.

Kwa hiyo usihangaike na mahindi matamu ya supamaketi. Nenda sokoni asubuhi, chagua yenye maganda ya kijani kibichi na ndevu zilizoanza kukauka nchani. Fungua kidogo, minya punje kwa ukucha. Ikitoa maji meupe kama maziwa, hilo ndilo. Ikitoa maji maangavu, bado changa, litanywea jikoni. Isipotoa kitu, hilo la makande, mwachie muuzaji. Na lichome siku hiyohiyo, kwa sababu hindi likishavunjwa sukari yake inaanza kugeuka wanga, hasa likikaa kwenye joto.

Kuchoma sina haja ya kukufundisha, ila jambo moja: usichemshe kwanza. Niliwahi kudanganywa na video kwamba yachemshwe ndipo yapitishwe motoni yapate rangi. Yakawa yamelowa, na gundi yote ikateleza. Elote za kuchemsha zipo, tena nyingi kuliko za kuchoma, lakini ni chakula kingine na mahindi yake hukaushwa maji vizuri kabla ya kupakwa. Wewe menya, toa ndevu zote, maganda yarudishe nyuma uyafunge yawe mpini (yaelekee nje ya jiko, yasiungue). Subiri makaa yapate majivu juu, pasiwe na mwali. Geuza kila baada ya dakika mbili tatu, kwa dakika 12 hadi 15. Unataka madoa ya hudhurungi na meusi machache, si hindi lililoungua upande mmoja na bichi upande wa pili. Ukiona punje zinaanza kupasuka kwa mlio, toa.

Halafu liache dakika moja au mbili. Usiruke hiki kipengele. Hindi linalotoka jikoni lina moto wa kutosha kuivunja mayonezi hata nje ya jiko.

Mchanganyiko wangu kwa mahindi sita ni vijiko vinne vya chakula vya mayonezi na vinne vya mtindi mzito. Wao hutumia crema, krimu yao nyepesi yenye uchachu kidogo. Bongo huipati kirahisi, lakini maziwa mgando ukiyachuja kwa kitambaa safi usiku kucha unapata kitu kinachokaribia sana, tena mimi nakipenda zaidi kwa sababu kinapunguza ule uzito wa mayonezi. Tia kitunguu saumu punje moja iliyosagwa ukipenda, Doña hakuwa anatia. Usikamulie ndimu humo ndani ukaifanya iwe majimaji, ndimu zamu yake ni mwisho. Paka kwa brashi au mgongo wa kijiko, utando mwembamba, punje zionekane.

Jibini. Hapa ndipo wengi wanapotupa pesa. Ile nyeupe ya kwenye video ni cotija, inaitwa kwa jina la mji wake huko Michoacán. Ni jibini ya maziwa ya ng'ombe iliyokaushwa, ina chumvi kali, inasagika kama chenga, na sifa yake kubwa ni kwamba haiyeyuki. Mozzarella imeumbwa iyeyuke na ivutike, ndiyo maana ulipata bigijii. Cheddar na gouda ni hivyohivyo. Kwenye supamaketi za Mwanza ukiona feta, chukua hiyo, ifute maji, ivunjevunje. Parmesan ya kukwaruza nayo inafaa, ingawa bei yake inauma.

Ila ipo njia ya bei nafuu ambayo niliifanya mwenyewe likizo ya mwaka juzi, kwa mama mkubwa. Chemsha lita mbili za maziwa halisi, yakifika kuchemka punguza moto, kamulia ndimu tatu kidogokidogo huku unakoroga taratibu. Yatakatika, mabonge meupe huku, maji ya kijanikijani kule. Chuja kwa kitambaa, tia chumvi kijiko cha chai kilichojaa, funga, weka kitu kizito juu kwa saa mbili. Ikishuka joto iweke kwenye friji hadi kesho yake, kisha ivunjevunje kwa mkono. Si cotija, inakaribia zaidi ile yao mbichi inayoitwa queso fresco, lakini haiyeyuki na inashika. Mama mkubwa alitazama maziwa yanakatika akauliza kama nimeyaharibu makusudi. Hindi la pili aliliomba mwenyewe.

Pilipili: usichukue pilipili kichaa ya unga ukamwaga kama walivyomwaga kwenye video. Zile zao nyingi zina rangi na harufu kuliko ukali. Ancho kwa mfano ni pilipili iliyokaushwa yenye utamu wa mbali kama zabibu kavu. Piquín ndiyo kali, ndogo kama kichaa wetu. Changanya paprika (unga mwekundu wa pilipili isiyowasha) vijiko vitatu vya chai na pilipili kichaa ya unga kimoja, na chumvi kidogo, utapata rangi ileile bila kumlaza mtu na jagi la maji. Aliyeko Marekani anunue Tajín, ni pilipili, ndimu iliyokaushwa na chumvi ndani ya chupa moja.

Mpangilio basi: utando wa mayonezi, viringisha kwenye sahani ya jibini, nyunyiza pilipili, kamulia ndimu, kotimiri iliyokatwakatwa kama unayo. Nilishawahi kuanza na ndimu kwa mazoea ya kwetu, nikalisugua hindi kwanza. Mayonezi ilikataa kushika, ikashuka yote hadi kwenye mpini.

Sasa nimrudie yule wa suti. Mkuu, kule kwao lile la kuchoma kwenye makaa mara nyingi linaliwa kwa ndimu, chumvi na pilipili tu, kama la kwetu pale stendi. Mayonezi na jibini hukaa zaidi kwenye yale ya kuchemsha yanayouzwa kwenye mikokoteni. Video zimechanganya vyote viwili kwa sababu vikikaa pamoja vinapiga picha vizuri. Kwa hiyo uko sahihi nusu: tunachokula barabarani ni cha Kimeksiko pia, bila kujua. Ila ukisema mayonezi haina kazi tutabishana, kwa sababu hindi lenye wanga huwa kavu mdomoni, na kile kimafuta chenye uchachu kinalisaidia. Jaribu moja kabla hujahukumu.

Aliyeuliza kuhusu jiko la gesi: inawezekana, weka wavu juu ya mwali wa wastani ukigeuza bila kuondoka, au kikaangio kizito cha chuma kikavu, bila mafuta. Moshi wa mkaa utaukosa. Nyumba ninayokaa sasa hawaruhusu mkaa kibarazani, kwa hiyo ndivyo ninavyofanya miezi yote, na kengele ya moshi imeshanisalimia mara kadhaa.

Yakibaki usiyarudishe motoni na mayonezi yake. Kwangua punje kwa kisu, zikaange na siagi kidogo na pilipili hoho, tia kwenye kikombe, ongeza kijiko cha mchanganyiko, jibini na ndimu. Wenyewe wanaita esquites, na kuna siku huwa nachoma mahindi mengi makusudi ili yabaki. Yaliyokwisha kupakwa yasikae nje zaidi ya saa mbili kwenye joto la Mwanza, yaingie kwenye friji.

Na kuhusu watoto waliogoma. Muuza elote kabla hajanyunyiza hukuuliza unataka pilipili ipi, del que pica o del que no pica, yaani inayowasha au isiyowasha. Wa kwako watengenezee paprika tupu na ndimu kidogo, jibini waviringishe wenyewe kwenye sahani. Wangu wa miaka mitano hali hindi ambalo hakuliviringisha yeye.