Papa wenu amegoma? Mfiche

Kaka, umeuliza mfanye nini na papa wenu wa sponji na mabati aliyezama Nyali, Mombasa, siku ya kwanza ya kurekodi filamu yenu, na pesa zimekwisha. Mwacheni huko huko bandani.

Hayo yalimkuta mwongozaji Steven Spielberg alipotengeneza Jaws, filamu ya papa mla watu iliyotoka 1975. Papa wao wa mitambo, waliyempa jina Bruce, aliharibika kila mara kwa maji ya chumvi. Ratiba ya siku 55 ikafika siku 159! Basi wakaacha kumwonyesha kwa sehemu kubwa ya filamu. Kamera ikakaa usawa wa maji, kama jicho la mwogeleaji, na mapipa ya njano yaliyofungwa kwa papa yakakimbia juu ya bahari. Ukiona pipa linazama ghafla, unajua kilicho chini. Muziki wa John Williams, noti mbili tu mwanzoni, ukafanya kazi iliyobaki. Kwa maoni yangu, papa angekuwa mzima filamu ingekuwa dhaifu.

Nyinyi mna madumu ya njano tele. Lifungeni moja kwa mshipi mrefu wa kuvulia, mtu wa ngalawa alivute kwa mbali, halafu lisimame ghafla. Muigizaji aliangalie tu, asipige kelele.

Ila mambo ya kurekodi baharini, muulizeni mvuvi kwanza. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji yanakwenda mbio na kamera haitulii. Ngojeni maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana. Na kibali cha kurekodi mkitafute mapema.