Mofini ya mama msiiweke kabatini (jibu kwa dada aliyeuliza jana)

Dada acha hiyo, leo hii hii. Umesema mama ana saratani ya shingo ya kizazi imeshafika mgongoni, kapewa mofini ya maji (dawa kali ya maumivu) na mnamtunzia kabatini "mpaka azidiwe kabisa", halafu ukauliza na juisi ya stafeli na nani alale naye. Mimi nimefika hapo kwenye kabati nikaishiwa nguvu.

Sisi tulifanya hivyohivyo kwa mzee, tezi dume iliyosambaa mifupani. Daktari kaandika kila baada ya saa nne. Akatokea jamaa wa duka la dawa mtaani, mjuaji wa kila kitu, akasema hiyo ni ya watu wa kufa na mkimzoesha atakuwa teja. Teja! Mzee wa miaka sabini na ushee, chooni kwenyewe anashikiliwa, atoke usiku akakabe watu kituo cha daladala? Na sisi na vyeti vyetu tukaitikia ndiyo bosi. Tukawa tunasubiri alie ndo tunampa, na maumivu yakishapanda vile dozi ileile haimtoshi tena, akipoa kidogo tunaficha chupa, yanarudi, hali, halali, hataki hata shuka limguse, tukajua ugonjwa unammaliza kumbe maumivu tu. Huyo jamaa hadi leo panadol nafuata mtaa wa pili.

Nesi wa tiba shufaa (wale wa kutuliza maumivu ya wagonjwa wa magonjwa mazito) ndo alitugombeza. Mofini ya maji inashika kama saa nne basi, kwa hiyo inayofuata inaingia kabla ya iliyotangulia haijaisha, ANAUMWA HAUMWI. Sisi ilikuwa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku, na hiyo ya usiku walituandikia mara mbili apitilize mpaka asubuhi (ya mama waulize wao, msijipimie). Wekeni alamu kwenye simu. Maumivu yakichomoza katikati kuna dozi ya ziada, waambie wakuandikie ni kiasi gani.

Na dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo, mofini inafunga choo vibaya mno. Siku za mwanzo atasinzia, ni kawaida. Ila akiwa haamshiki au anapumua polepole sana, usimpe nyingine, kimbizeni hospitali.

Sasa hivi saa ngapi huko? Mpigie aliye na mama atoe hiyo chupa, na ajue ya mwisho alipewa saa ngapi.