Chozi anatoka na ukungu, majani safi

Kaka, kwenye picha zako za chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua, kama majani ya nyuma yametoka safi ila chozi mwenyewe ana ukungu, hapo kamera imeshika majani. Chagua nukta moja ya fokasi (pale kamera inapolenga ukali wa picha), ile ndogo, uitue kwenye jicho. Mkia ukififia si neno. Washa fokasi ya kufuatilia, maana chozi hatulii hata akinyonya ua. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde, akipiga mabawa nenda 1/2000 au zaidi. Asubuhi za hifadhi ya Kitulo mwanga ni hafifu, kwa hiyo pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila huruma: chenga za picha zinasafishika, mtikisiko hausafishiki. Lenzi ikihangaika mbele na nyuma, pengine umemsogelea mno. Kila lenzi ina umbali ambao chini yake haishiki fokasi. Ukungu wenyewe wa hewani ukitanda, kunywa chai kwanza.